Tuma na fuma: irabu mbili ambazo Kiswahili kilizipoteza

Hebu tamka neno "mpishi". Sasa tamka "pikika", kama vile "nyama hii inapikika". Yote mawili yanatokana na kitenzi kimoja, pika. Lakini katika "mpishi" k imegeuka sh, na katika "pikika" imebaki k. Au chukua linda: tunasema "mlinzi", nd imekuwa nz, ila "lindika" haijabadilika. Kwani hiyo i inayofuata si ni ileile?

Leo ndiyo, ni ileile. Zamani zilikuwa i mbili tofauti.

Mwaka 1899 mwanaisimu Mjerumani, Carl Meinhof, alichapisha kitabu kuhusu sauti za lugha za Kibantu. Alilinganisha maneno ya lugha kadhaa, akiangalia ni sauti ipi ya hapa inayolingana na ipi ya pale. Hesabu yake ya irabu haikuishia tano. Alifika saba: a, e, o, kisha i za aina mbili na u za aina mbili. Wanaisimu waliomfuata wamesahihisha mengi katika kazi yake, lakini kwa Mame Bantu, yaani lugha iliyozaa lugha hizi zote, saba ndiyo idadi inayokubalika kwa kawaida.

Katika kila jozi, irabu moja ilitamkwa ulimi ukiwa umeinuka zaidi kuelekea kaakaa. Nafasi ikawa finyu, hewa ikapita kwa kukwaruza, na konsonanti iliyotangulia ikaanza kukwaruza nayo. Hapo ndipo k ilipokuwa sh katika "mpishi". Baadaye Kiswahili kikaziunganisha zile i mbili zikawa moja, na u vivyo hivyo. Tukabaki na tano.

Sasa unaweza kuuliza, tunajuaje kama hakuna aliyerekodi? Sikiliza majirani. Kisukuma, Kinyamwezi na Kikuria bado vina irabu saba. Kikuyu pia, tena huziandika waziwazi: ĩ husikika kati ya i na e, na ũ kati ya u na o. Ndiyo maana sikio la Mswahili huzidhania kuwa e na o.

Kwa Kikuyu, tũma ni kutuma mtu au kitu. Tuma, bila alama, ni kushona. Weka Kiswahili pembeni yake: tũma ni tuma yetu, na tuma ya Kikuyu ni fuma yetu, ile ya kufuma vitambaa. Umeona? Kikuyu kimetunza irabu mbili na t moja. Kiswahili kina u moja, ila ile u iliyopotea ilishageuza t kuwa f kabla haijaondoka. Kwa hiyo hatukupoteza maana, kwa sababu tofauti ilihamia kwenye konsonanti.

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi. Kwenye simu wengi wetu tunaandika Kikuyu bila alama, eti zinachelewesha. Mimi mwenyewe nimefanya hivyo mara nyingi. Mtu mzima anayeijua lugha ataelewa kutokana na muktadha. Lakini mtoto anayejifunza kusoma, au mjukuu aliyekulia mjini, ataona "tuma" na "tuma". Safari hii hakuna f ya kumwokoa.

Kwa hiyo usimcheke mtu wa kijijini kwamba anatamka i "vibaya". Huenda ametunza sauti ambayo Kiswahili sanifu hakina tena. Ukienda nyumbani, muulize bibi au babu anasemaje "lima" na "mkulima" kwa lugha yenu, kisha sikiliza irabu zake moja moja. Kwa Kikuyu ni rĩma na mũrĩmi, na i mbili za hilo neno la pili hazifanani. Za kwenu je?