Grisi ni Grisi? Historia ya Kilichomo Ndani ya Habu ya Baiskeli Yako

Nilipokuwa nakusanya data za utafiti wangu wa uzamili mkoani Singida, usafiri wangu ulikuwa baiskeli ya marehemu babu: Phoenix nyeusi, yenye umri mkubwa kuliko mimi. Siku moja gurudumu la nyuma likaanza kulia. Nikafungua habu, yaani kile kitovu cha gurudumu, nikakuta grisi imekauka kabisa. Duka la vipuri lilikuwa mbali. Jikoni kulikuwa na chupa ya mafuta ya alizeti.

Nadhani umeshajua nilichofanya.

Siku za mwanzo gurudumu lilizunguka vizuri ajabu, nikajiona fundi. Baada ya mwezi na kidogo likawa zito kama limefungwa breki. Fundi wa pale chini ya mwarobaini alipolifungua, alitoa kitu cha njano kinachonata kama gundi, kimejaa mchanga. Koni zilikuwa zimeliwa na kubaki na vijishimo. Akanitazama, akatazama ile gundi, akainusa. "Mdogo wangu," akasema, "habu hii umeikaanga."

Nilicheka, lakini niliona haya. Mimi nasomea kemia. Ninajua vizuri kwamba mafuta ya alizeti yakikaa kwenye hewa huungana na oksijeni na kugeuka utando mzito. Nilijua darasani, sikujua kwenye baiskeli. Na fundi alinikumbusha kitu kingine: wateja wake wengi hubeba madumu ya maji na magunia ya mkaa. Kwao habu ikifa si suala la kuchelewa kwenye utafiti, ni siku kadhaa bila kipato.

Basi nikamuuliza: niweke grisi gani? Akajibu, "Grisi ni grisi tu, ilimradi iwe ya gari." Je, ni kweli? Ili kumjibu, twende kwanza mbali kidogo.

Kaburini Misri

Mwaka 1905, katika Bonde la Wafalme nchini Misri, lilifunguliwa kaburi la Yuya na mkewe Thuya, wazazi wa Malkia Tiye. Ndani yake kulikuwa na gari la kukokotwa na farasi, lenye umri wa karibu miaka 3,400. Kwenye ekseli yake yalibaki mabaki ya kilainishi. Yalipochunguzwa, yalionekana kuwa ni shahamu, huenda ya ng'ombe au ya kondoo, pamoja na chokaa, mchanga na chembe za chuma.

Hatuna uhakika kama chokaa ile iliwekwa makusudi au ilikuwa vumbi la njiani tu. Lakini iweke akilini, tutairudia. Mafuta ya mnyama yakikutana na chokaa, na kukiwa na unyevu na joto, hutengeneza sabuni. Na sabuni, msomaji, ndiyo siri ya grisi.

Watu wengi hudhani grisi ni mafuta mazito. Sivyo. Grisi ni mafuta ya kawaida yaliyoshikwa na kitu kingine, na mara nyingi kitu hicho ni sabuni. Fikiria nazi iliyokunwa: tui limo ndani ya chicha, halimwagiki mpaka ukamue. Nyuzi ndogo sana za sabuni ndizo chicha, mafuta ndiyo tui. Gololi zinapopita, zinakamua mafuta kidogo. Zikishapita, sehemu kubwa inabaki mahali pake. Kwa kawaida asilimia 70 hadi 95 ya grisi ni mafuta, sehemu kubwa ya kinachobaki ni sabuni. Lakini tabia ya grisi mbele ya maji na joto hutegemea sana ile sabuni kidogo.

Mawese kwenye reli za Uingereza

Ruka sasa mpaka mwaka 1835. Henry Booth, katibu na mweka hazina wa reli ya Liverpool na Manchester, alipata hataza ya grisi ya ekseli za mabehewa. Viungo vyake vilikuwa shahamu, magadi soda, maji na mafuta ya mawese. Ndiyo, mawese haya haya. Yalitoka Afrika Magharibi kwa meli hadi Liverpool, kwa ajili ya sabuni, mishumaa na treni. Mtu wa Kigoma akipika maharage kwa mawese leo, ana kwenye sufuria kitu kilicholainisha mapinduzi ya viwanda.

Grisi ya Booth ilikuwa na ujanja: ilikuwa nzito ikiwa baridi, ekseli ikipata joto inalainika na kutiririka penye kazi. Lakini ilikuwa na udhaifu mmoja. Sabuni yake ni ya sodiamu, ndugu wa sabuni ya kufulia. Unajua sabuni ya kufulia ikikutana na maji inafanyaje. Inayeyuka na kuondoka nayo.

Miaka hiyohiyo walikuwepo waliotengeneza grisi kwa chokaa badala ya magadi. Sabuni ya kalsiamu haiyeyuki kwenye maji. Ukitaka kuiona, oga na sabuni kwenye maji ya chumvi ya kisima: ule utando mweupe unaoganda kwenye beseni ni sabuni ya kalsiamu. Bafuni ni kero. Ndani ya beringi ni baraka, kwa sababu maji hayaiondoi. Tatizo lake ni joto. Grisi ya kawaida ya kalsiamu ina maji kidogo yanayoishikilia; ikipita nyuzi 80 hivi kwa muda, maji yale hutoka, sabuni na mafuta vinaachana.

Kizibo kilichokataa kukaa

Mpaka hapo watu walijua kwamba mafuta yanasaidia, lakini hawakujua kwa nini. Mhandisi Mwingereza Beauchamp Tower alikuwa anapima msuguano wa ekseli za reli, na mwaka 1883 akatoa matokeo yake. Alikuwa ametoboa tundu juu ya kifuniko cha beringi ili aweke kikombe cha mafuta. Mashine ilipowashwa, mafuta yakapanda na kumwagika kupitia tundu. Akaziba kwa kizibo, kikatoka. Akaziba kwa mti, nao ukasukumwa nje taratibu.

Alipofunga geji, ilipita pauni 200 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari dogo huwa na kama 30. Ekseli inayozunguka ilikuwa inajipigia pampu yenyewe: inavuta mafuta na kuyabana kati yake na beringi mpaka chuma kinaelea. Mwaka 1886 Osborne Reynolds wa Manchester akaeleza jambo hilo kwa hesabu ambayo wahandisi wanaitumia hadi leo.

Somo la Tower kwetu ni hili: kazi ya kilainishi ni kutenganisha chuma na chuma. Katika beringi ya gololi utando huo huwa mwembamba mno, mara nyingi chini ya mikromita moja, wakati unywele wako una kama mikromita 70. Sasa fikiria punje ya mchanga inaingia hapo.

Baiskeli inaleta gololi

Wazo la gololi si la baiskeli. Philip Vaughan wa Carmarthen, Wales, alipata hataza ya ekseli yenye gololi mwaka 1794, kwa magari ya farasi. Ila baiskeli ndiyo iliyolipa uhai, kwa sababu injini yake ni binadamu, na binadamu anauhisi msuguano kwenye mapaja yake mwenyewe.

Mwaka 1869 Jules Suriray, fundi wa Paris, alipata hataza ya beringi za gololi kwa baiskeli. Tarehe 7 Novemba mwaka huohuo yalifanyika mashindano kutoka Paris hadi Rouen, kilomita 123. Mshindi alikuwa James Moore, Mwingereza aliyeishi Paris, na baiskeli yake ilikuwa na beringi hizo. Alitumia saa 10 na dakika 40 hivi.

Kikwazo kilikuwa gololi zenyewe. Zikipishana ukubwa hata kidogo, ile kubwa inabeba mzigo wote peke yake. Mwaka 1883, mwaka uleule wa kizibo cha Tower, Friedrich Fischer wa Schweinfurt, Ujerumani, akaunda mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe duara na zilingane. Mji huo ukawa kitovu cha beringi kiasi kwamba kwenye Vita Kuu ya Pili ukawa shabaha. Tarehe 14 Oktoba 1943 Wamarekani walipoteza ndege 60 za mabomu katika shambulio moja la Schweinfurt. Kitu kilichokuzwa na baiskeli kilikuwa kimeshakuwa roho ya ndege na vifaru.

Baiskeli nyingi za zamani hazikutegemea grisi peke yake. Ukibahatika kupata ya babu yako, angalia katikati ya habu: huenda ukaona kitundu kilichofunikwa na bati dogo la springi. Hapo palikuwa pa kudondoshea oili. Oili huzunguka kirahisi, lakini huvuja, na mwenye baiskeli lazima akumbuke kuiongeza. Grisi ilishinda kwa sababu inakaa, na kwa sababu inafanya kazi ya pili: inaziba njia ya vumbi na maji.

Lithiamu, na kopo lenye namba

Mwaka 1942 Mmarekani Clarence Earle alipata hataza za grisi yenye sabuni ya lithiamu. Hii ilichukua mazuri ya pande zote mbili: inavumilia maji vizuri kuliko ya sodiamu, na inavumilia joto kuliko ya kalsiamu, kwani tone lake la kwanza hudondoka kwenye nyuzi 180 na zaidi. Leo zaidi ya nusu ya grisi inayotengenezwa duniani ni ya familia hii. Kopo la fundi wangu huenda lilikuwa hilo.

Kwenye kopo utaona pia herufi NLGI na namba. Hiyo ni taasisi ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1933, na namba ni ugumu wa grisi, kuanzia 000 inayotiririka hadi 6 iliyo ngumu kama sabuni ya kipande. Inapimwa kirahisi tu: koni ya chuma inaachiwa izame kwenye grisi kwa sekunde 5, joto likiwa nyuzi 25. Ikizama kati ya milimita 26.5 na 29.5, hiyo ni namba 2.

Sasa turudi chini ya mwarobaini

Tupige hesabu. Gurudumu la inchi 28 lina mzunguko wa kama mita 2.2. Ukienda kilomita 20 kwa saa, linazunguka karibu mara 150 kwa dakika. La gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa huzunguka zaidi ya mara 800, tena karibu na breki zenye moto. Kwa hiyo habu ya baiskeli haipati joto la maana. Grisi ya bei mbaya inayojisifu kwa joto kali inakupa ulinzi dhidi ya adui ambaye hatakuja.

Adui zako ni wawili: maji na mchanga. Kwa hiyo:

- Chukua NLGI namba 2, ya lithiamu au ya kalsiamu, iliyoandikwa kwamba inastahimili maji. Hata grisi ya boti inafaa sana.
- Usidanganywe na rangi. Nyekundu, bluu, kijani: ni rangi tu iliyotiwa.
- Usichanganye grisi mpya na ya zamani usiyoijua. Sabuni nyingine hazipatani, zikikutana mchanganyiko unakuwa maji maji. Safisha kwa mafuta ya taa, kausha, ndipo uweke mpya.
- Weka ya kutosha mpaka gololi zizame. Kwenye mota ya kasi grisi nyingi huleta joto. Kwenye baiskeli inayozidi inakuwa ukuta wa kuzuia vumbi.
- Mafuta ya kupikia, hapana. Oili chafu nayo hapana: inavuja, na inakuja na uchafu wa injini.
- Kama baiskeli yako ina breki ya kukanyaga pedeli kinyumenyume, hapo habu yenyewe ndiyo breki na inapata moto kweli. Hiyo ndiyo inayohitaji grisi ya joto kali.

Kwa hiyo fundi alikosea? Kidogo tu. Grisi ya gari ya namba 2 inafaa, na amekuwa akiitumia miaka mingi bila kuua habu ya mtu. Mwenye digrii ndiye aliyeikaanga. Ila grisi si grisi tu. Ile ya Booth yenye sodiamu ingeondoka kwenye masika ya kwanza.

Na historia haijakoma. Lithiamu sasa inagombewa na betri za magari ya umeme, bei yake imeyumba sana miaka ya karibuni, na watengenezaji kadhaa wanageukia tena grisi za kalsiamu zilizoboreshwa zivumilie joto. Kalsiamu, yaani ukoo wa chokaa, ile iliyoonekana kwenye ekseli ya Yuya.

Nilimweleza fundi haya yote wakati anafunga koni mpya. Alisikiliza mpaka mwisho, akazungusha gurudumu, likazunguka kimya muda mrefu. Akaniuliza swali moja: "Sasa hiyo ya boti, Singida tunaipata wapi?" Hapo nilikwama. Tulitumia ile ya kopo lake.