Jino Halingoji Asubuhi: Historia Fupi ya Dharura za Meno Uingereza

Kwa sheria za Uingereza, jino halijawahi kuwa sehemu kamili ya mwili, isipokuwa kwa muda mfupi usiofika miaka minne. Hilo ndilo jibu tulilolipata baada ya muhula mzima wa kusoma, na swali lenyewe lilianza kama mzaha katika mkutano wa chama chetu: mbona mtu akivunjika mguu saa nane ya usiku hapa England anatibiwa bila kutoa senti, lakini akishikwa na jino saa hiyo hiyo anaambiwa ameze parasetamoli na asubiri kupigiwa simu, kisha akipata nafasi alipie?

Wazee wetu wameshalijibu swali hili kwa vitendo. Wengi tunaowajua, wawe wametoka Mombasa, Unguja, Dar es Salaam au Bukavu, huweka jino lao mpaka safari ya nyumbani. Katika orodha ya safari utakuta harusi ya binamu, kaburi la babu, kiwanja kinachogombaniwa, na daktari wa meno. Sisi vijana tulikuwa tukiwacheka. Tulipoanza kusoma tulikuta wana sababu zao, na sababu hizo ni za kale kuliko NHS yenyewe.

Tuanze mwaka wa 1540. Mwaka huo, katika enzi ya Mfalme Henry wa Nane, Bunge liliunganisha chama cha vinyozi na chama cha wapasuaji wa London, kisha likawagawia kazi. Mpasuaji asinyoe. Kinyozi asipasue mtu, ila aliachiwa jambo moja tu, kung'oa meno. Kwa hiyo mguu, tumbo na jicho vilikwenda kwa mpasuaji, na jino likabaki kwenye kiti cha kinyozi pamoja na wembe na sabuni. Vyama hivyo viliachana mwaka wa 1745, lakini jino halikufuata wapasuaji. Nje ya miji ling'olewe na nani? Mhunzi, kwa sababu ndiye mwenye koleo, au mng'oaji wa sokoni aliyesafiri kutoka gulio hadi gulio. Inasemekana baadhi yao walitembea na wapiga ngoma ili kelele za mgonjwa zisiwafukuze wateja waliopanga foleni.

Nayo haikuwa kazi ndogo. Katika hati za vifo zilizotolewa London kila wiki katika karne ya 17, "meno" limeandikwa miongoni mwa sababu za kifo. Wengi wa waliohesabiwa hapo walikuwa watoto wachanga waliokufa katika umri wa kuota meno, na leo tunaelewa kwamba kilichowaua mara nyingi kilikuwa kitu kingine. Lakini usaha wa jino ukishuka shingoni huua kweli, zamani hata sasa.

Sehemu iliyotushangaza zaidi ni ya ganzi. Tulidhani wapasuaji waliivumbua na madaktari wa meno wakaiazima. Ni kinyume chake. Desemba 1844, Horace Wells, daktari wa meno wa Hartford huko Marekani, alivuta gesi ya kuchekesha kisha akamwachia mwenzake amng'oe gego. Septemba 1846 mwanafunzi wake wa zamani, William Morton, alimng'oa mgonjwa jino mjini Boston kwa kutumia etha, na mwezi uliofuata akaionyesha hospitalini mbele ya wapasuaji. Habari zilivuka bahari kwa meli. Tarehe 19 Desemba 1846, katika nyumba moja ya Gower Street, London, daktari wa meno James Robinson alimvutisha etha mwanamke kijana na kumng'oa gego. Tarehe 21 Desemba, hatua chache kutoka hapo, Robert Liston alimkata mgonjwa mguu chini ya etha, na operesheni hiyo ndiyo iliyopata sifa. Hapa London, basi, jino liliutangulia mguu kwa siku mbili. Baadhi yetu tunaipita Gower Street kila Jumanne tukienda kwenye mihadhara, na hatukuwa na habari.

Na kabla ya ganzi, au mahali ganzi haikufika, kulikuwa na karafuu. Hapa ndipo historia ya Uingereza inapokutana na yetu. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 madaktari wa meno wamekuwa wakichanganya oksidi ya zinki na eujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, kutengeneza dawa ya kuziba jino kwa muda na kutuliza maumivu. Ile harufu ambayo watu wazima wa hapa huiita harufu ya daktari wa meno ndiyo harufu ya makonyo yaliyoanikwa barazani. Wakati dawa hiyo inaenea, Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikilisha soko la karafuu duniani. Mikarafuu ililetwa Unguja mwanzoni mwa karne hiyo kutoka visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa chini ya Wafaransa, Sayyid Said akaieneza, na waliopanda na kuchuma walikuwa watumwa. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mashamba ya Unguja, Pemba ikabaki kuwa mhimili. Mpaka leo kuna kiwanda karibu na Chake Chake kinachokamua mafuta ya makonyo. Kwa hiyo bibi anapoweka tone la mafuta ya karafuu kwenye pamba na kuibana kwenye jino lililotoboka, hafanyi jambo la kishamba. Anafanya alichofanya daktari wa London, bila cheti tu. Tahadhari mbili: mafuta yasipakwe kwa wingi maana yanaunguza fizi, na aspirini imezwe, isiwekwe juu ya ufizi, nayo inaunguza.

Turudi kwenye sheria. Sheria ya 1878 ilianzisha daftari la madaktari wa meno, lakini ililinda jina tu. Mtu yeyote aliweza kuendelea kung'oa meno ya watu mradi asijiite daktari wa meno. Katika hali hiyo vita vilikuja. Jeshi la Uingereza lilipovuka kwenda Ufaransa Agosti 1914 halikuwa na daktari wa meno hata mmoja. Inasimuliwa kwamba Jenerali Haig alishikwa na jino wakati wa mapigano ya Aisne, ikabidi daktari atafutwe Paris. Askari wa kawaida hakutafutiwa mtu Paris. Miezi michache baadaye madaktari wa meno walianza kupelekwa, na mwaka wa 1921 jeshi likaunda kikosi chake cha meno. Mwaka huo huo sheria mpya ilipiga marufuku kazi hiyo kwa asiyeandikishwa. Yaani ni miaka 100 na kidogo tu tangu mhunzi atolewe rasmi kinywani mwa Mwingereza.

Bima ya taifa ya 1911 ililipia daktari wa kawaida kwa wafanyakazi, lakini meno yalikuwa nyongeza iliyotolewa na baadhi ya vyama vya bima tu. Ndiyo maana watu wa kawaida walijifunza kumaliza dharura zote kwa siku moja: ng'oa yote, vaa ya bandia. Yapo masimulizi mengi ya mabinti waliolipiwa kung'olewa meno yote kabla ya harusi, iwe zawadi, ili mume asije akabeba gharama. Tulimsimulia mama wa mwenzetu mmoja akasema hiyo siyo zawadi, ni mahari ya kinyume.

Kisha ikaja tarehe 5 Julai 1948. NHS ilifungua milango na meno yakaingia ndani pamoja na mwili wote, bure. Waliokuja walikuwa na maumivu ya miaka mingi. Foleni zilikuwa ndefu, meno bandia yakaagizwa kwa wingi, gharama zikapita makadirio mbali sana. Aprili 1951, serikali ikitafuta fedha za silaha kwa sababu ya vita vya Korea, waziri wa fedha Hugh Gaitskell aliamua wagonjwa wachangie nusu ya gharama ya meno bandia na miwani. Aneurin Bevan, aliyeiasisi NHS, alijiuzulu uwaziri, na Harold Wilson akamfuata. Mwaka uliofuata serikali ya Conservative iliongeza ada ya hadi pauni moja kwa matibabu ya meno yenyewe, kuanzia tarehe 1 Juni 1952. Mlango ukafungwa nusu, na haujafunguliwa tena.

Tulibishana sana juu ya Gaitskell. Mmoja wetu anasomea uchumi, naye anashikilia kwamba fedha zilikuwa chache kweli na lazima kitu kikatwe. Sawa. Lakini tazama kilichochaguliwa. Hakuna aliyependekeza nusu ya mguu. Jino na jicho ndivyo vilivyoonekana kama vitu vya ziada, na kwa upande wa jino wazo hilo lilikuwa na umri wa miaka 400.

Ada peke yake haielezi simu ya saa nane ya usiku. Hilo lilitokana na mikataba. Mkataba wa 1990 ulimruhusu mgonjwa kuandikishwa kwa daktari wake wa meno, na daktari huyo alikuwa na wajibu wa kuhakikisha watu wake wanapata msaada wa dharura hata nje ya saa za kazi. Aprili 2006, England na Wales zilipobadili mkataba, uandikishaji ulifutwa. Hata kama umemwona daktari yule yule miaka kumi, kwa sheria wewe si mtu wake. Matibabu yakiisha, wajibu wake umeisha. Malipo nayo yakageuzwa kuwa vipimo vya kazi, na dharura ikapewa kipimo 1.2, iwe umeng'olewa jino moja au umeshughulikiwa matatu. Daktari mwenye kiti kimoja na kodi ya kulipa atachagua nini? Hatumlaumu, tunaeleza tu hesabu anayoifanya.

Machi 2020, korona ilipoingia, kliniki za meno England zilisimamisha huduma za kawaida hadi Juni. Kwa simu mgonjwa alipewa mambo matatu: ushauri, dawa ya maumivu, antibiotiki. Wachache waliozidiwa walipelekwa kwenye vituo maalumu. Mpaka leo wapo wanaodhani antibiotiki zinatibu jino. Hazitibu. Zinazuia uvimbe usisambae kwa muda, lakini usaha lazima utolewe na jino litibiwe au ling'olewe, la sivyo utarudi. Februari 2024, kliniki moja ilipofunguliwa mtaa wa St Pauls, Bristol, na kupokea wagonjwa wapya wa NHS, mamia ya watu walipanga foleni barabarani hata polisi wakaja kuipanga. St Pauls ni mtaa wa wahamiaji, wengi wakiwa Wakaribi na Wasomali. Tulipoziona picha hizo tulikuwa tumetoka kusoma kuhusu 1948, na ilikuwa vigumu kutofautisha foleni na foleni. Serikali ya sasa imeahidi nafasi 700,000 za ziada za dharura kwa mwaka England.

Kwa hali ilivyo, haya ndiyo tungependa kila mwanachama ayajue kabla ya usiku wa jino. Ukiwa na maumivu makali na huna daktari, piga 111. Ada ya dharura England, kuanzia Aprili 2025, ilikuwa pauni 27.40, mwanafunzi mwenye kipato kidogo anaweza kujaza fomu HC1 asamehewe au apunguziwe, na wenzetu wa Scotland walio chini ya miaka 26 hawalipi. Usisubiri 111 kama uvimbe umefika jichoni au shingoni, kama sakafu ya mdomo imepanda chini ya ulimi, kama huwezi kumeza, kufumbua kinywa au kupumua vizuri. Huo si ugonjwa wa meno tena. Piga 999 au nenda moja kwa moja chumba cha dharura hospitalini. Na jino la mtu mzima likiruka lote uwanjani, lishike upande unaoonekana ukicheka, usiguse mzizi, lisuuze kidogo kwa maziwa kama lina uchafu, lirudishe mahali pake na ung'ate kitambaa. Ukishindwa, litie kwenye maziwa na uwe kwa daktari ndani ya saa moja. La mtoto, la utoto, halirudishwi.

Limebaki suala la lugha, na hili ni letu hasa, maana wengi wetu tumekuwa wakalimani wa familia tangu darasa la tatu. Muuguzi wa simu anauliza maumivu ni ya namna gani. Kiswahili kina majibu mazuri: jino linapwita, linachoma, linakatakata, limekufa ganzi. Lakini shangazi wa pwani akisema "uso umenifura", asiyekizoea Kiswahili cha kwao anaweza kusikia hasira badala ya uvimbe, na kwenye simu ile uvimbe ndilo jibu linaloamua kama gari la wagonjwa litakuja. Muulize shangazi mapema: umefura tangu lini, unashuka au unapanda, anameza mate? Na kama haupo nyumbani, mfundishe kusema neno moja tu la Kiingereza, "Swahili". Mkalimani ataunganishwa kwenye simu ile ile, bila malipo.