Jina la Mlangoni na Meno ya Ekseli

Wazee walitufundisha kutofautisha jina na nisba: jina ni la mtu, nisba ni habari ya atokako. Mapikapu ya kale ya Marekani nayo yana mambo hayo mawili. Hapa Minneapolis na Saint Paul, ambako pikapu hurithiwa na watoto pamoja na nyumba, mrithi asomaye jina tu aweza kuponzeka.

Tuanze na nisba. Kiwanda cha Ford cha Highland Park, Saint Paul, kilifunguliwa mwaka 1925 kando ya mto Mississippi. Umeme wake ulitoka kwenye bwawa la mto huo, na chini ya ardhi yake ulichimbwa mchanga wa kutengenezea vioo. Katika nambari za utambulisho za miaka ya 1960 na 1970, herufi P ndiyo alama ya kiwanda hicho. Kilifungwa Desemba 2011, na leo mahali pale ni makazi yaitwayo Highland Bridge.

Ama majina, mwaka 1948 Ford walitoa safu ya F-1 hadi F-8, namba ikipanda kwa kadiri ya mzigo: F-1 ya nusu tani, F-4 ya tani moja. Mwaka 1953 F-1 ikawa F-100, F-4 ikawa F-350, na F-2 na F-3 zikaunganishwa chini ya jina moja, F-250. Basi 250 si ratili, si kilo, wala si nguvu za farasi. Ni daraja tu.

Nguvu ya kuvuta haikuandikwa katika jina. Sehemu yake kubwa imo ndani ya ekseli ya nyuma. Humo gia ndogo ya shafti huzungusha gia kubwa ya magurudumu. Katika ekseli ya Dana 60, iliyofungwa katika F-250 nyingi, meno 41 kwa 11 hutoa uwiano wa 3.73, na meno 41 kwa 10 hutoa 4.10. Tofauti ni jino moja, lakini la pili huvuta kwa nguvu zaidi kwa takriban asilimia 10, na injini huzunguka kwa kasi zaidi kwa kiasi hicho hicho katika barabara kuu, ikila mafuta. Mapikapu mawili yenye jina moja, basi, hayafai kufungwa tela moja bila kuuliza.

Bamba la mlangoni lina msimbo wa ekseli. Lakini bamba hueleza kilichotoka kiwandani, si kilichobadilishwa baadaye. Hakika hupatikana kwa kuhesabu: zuia magurudumu ya mbele, inua ya nyuma juu ya stendi imara, toa gia, zungusha magurudumu yote mawili pamoja mzunguko mmoja, na uhesabu mizunguko ya shafti.

Hata jina Ranger lilihama. Mwaka 1965 lilikuwa pambo la F-100. Baadaye likawa pikapu ndogo iliyoundwa Saint Paul hadi kiwanda kilipofungwa. Ranger za Maskati na Mombasa ni za ukoo mwingine, ulioanza mwaka 1998 kwa nasaba ya Mazda. Jina moja, damu mbili.

Mkiwaandikia wajukuu habari za gari la babu, andikeni yote matatu: jina, msimbo wa bamba, na hesabu mliyoihakiki kwa mikono yenu. Na hati za ukoo wetu zisomeni vivyo hivyo, kwani nazo hueleza tulivyoondoka bandarini, si yote yaliyobadilika njiani.