Shule Zilizoanguka Ijumaa Jioni

Ijumaa ya tarehe 10 Machi 1933, saa 11:54 jioni, ardhi ilitikisika kusini mwa California, Marekani. Kwa jimbo lile, tetemeko la ukubwa wa 6.4 halikuwa la kutisha sana. Hata hivyo liliua watu wapatao 115, wengi wao wakiangukiwa na matofali walipokuwa wakikimbilia nje. Kulipopambazuka, watu waliona hali ya shule zao. Katika mji wa Long Beach na maeneo ya jirani, majengo 230 ya shule yalikuwa yamebomoka, yameharibika vibaya, au hayafai tena kuingiwa na mtu. Picha za Jefferson Junior High na John Muir zinaonyesha kuta nzima zimemwagika uani. Lau tetemeko lingekuja saa chache mapema, watoto wakiwa darasani, maiti zingehesabiwa kwa mamia, pengine kwa maelfu.

Sababu hazikuwa fumbo. Kuta zilijengwa kwa matofali matupu, bila nondo. Udongo wa kuyaunganisha ulikuwa na chokaa dhaifu na mchanga mwingi. Kuta hazikufungwa na sakafu wala na paa, kwa hiyo ardhi ilipoyumba kila kimoja kilikwenda upande wake. Juu kulikuwa na mapambo mazito ya matofali yaliyoning'inia juu ya milango ileile ambayo wanafunzi wangetokea. Na sehemu kubwa ya eneo hilo imekaa juu ya mashapo laini ya mito, yenye maji karibu na uso, ambayo huukuza mtikisiko badala ya kuupunguza.

Hasira ya wazazi ilikuwa kubwa, na safari hii serikali ilikwenda nayo mbio. Tarehe 10 Aprili, mwezi mmoja kamili baada ya tetemeko, California ikawa na sheria inayoitwa Field Act, kwa jina la mbunge wa jimbo Don Field aliyeipeleka. Wengi huikumbuka kama sheria ya kujenga shule imara. Kwa maoni yangu uzito wake uko kwingine: inamtaja mtu wa kuwajibika. Michoro lazima iandaliwe na msanifu au mhandisi aliyesajiliwa, kisha ipitishwe na ofisi ya jimbo kabla ya jembe kugusa ardhi. Wakati wote wa ujenzi, saiti lazima iwe na mkaguzi anayelipwa na bodi ya shule, aliyekubaliwa na ofisi hiyo, na asiyekula mkononi mwa mkandarasi. Na kazi ikiendelea, msanifu, mhandisi, mkaguzi na mkandarasi, kila mmoja kwa jina lake, huandika taarifa kwamba kilichojengwa ndicho kilichochorwa. Kudanganya katika taarifa hiyo ni jinai.

Kabla ya hapo nondo ikikosekana ndani ya nguzo, zege likishamwagwa, nani angejua? Mkaguzi wa shule huiona nondo kabla haijafunikwa, na ana uwezo wa kukataa zege lisimwagwe.

Lakini sheria ilihusu majengo mapya tu. Mwaka 1939 ikaja nyingine, Garrison Act, ya kuchunguza shule za zamani, na utekelezaji wake ukawa wa kusuasua. Ilibidi sheria nyingine za miaka ya 1960 ziweke tarehe ya mwisho, na tarehe yenyewe ikawa ya miaka ya 1970. Yaani kizazi kizima cha watoto kiliendelea kusomea ndani ya kuta ambazo wakubwa wake walikwisha kujua kwamba zinaua. Hilo haliwezi kutetewa.

Kisha udongo ukadai nafasi yake. Ijumaa Kuu ya mwaka 1964, tetemeko la ukubwa wa 9.2 lilipiga Alaska. Mjini Anchorage, shule ya msingi ya Government Hill ilipasuliwa vipande kwa sababu ardhi iliyoibeba iliporomoka. Ilikuwa sikukuu, shule haikuwa na mtoto. Miezi michache baadaye, huko Niigata, Japani, maghorofa ya kupanga yalilala chali yakiwa mazima, baada ya mchanga wenye maji chini yake kugeuka uji. Profesa Harry Bolton Seed wa Berkeley na wenzake wakaanza kutafuta namna ya kutambua mapema mchanga wa aina hiyo.

Njia waliyoitegemea inatumika mpaka leo, hata kwetu Tanzania. Shimo huchimbwa, mrija huteremshwa, na nyundo ya kilo 63.5 huangushwa juu yake kutoka sentimita 76, tena na tena. Mtu huhesabu mapigo yanayohitajika ili mrija uzame sentimita 30. Mapigo machache katika mchanga uliojaa maji ni onyo. Leo shule ya umma ya California haipewi kibali kabla wataalamu wa jiolojia wa jimbo hawajapitia ripoti ya hatari za ardhi ya kiwanja.

Haikuwa safari safi. Mwaka 2011 waandishi wa habari wa uchunguzi wa California walifichua maelfu ya miradi ya shule iliyokuwa ikitumika bila cheti cha mwisho cha usalama. Hata sheria nzuri hulegea ofisi ikichoka kuifuatilia. Pamoja na hayo, tangu 1933 hakuna mwanafunzi wa California aliyeuawa na tetemeko ndani ya shule iliyojengwa chini ya Field Act.

Sisi nasi tumepewa onyo letu. Tarehe 10 Septemba 2016, siku ya Jumamosi, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliharibu vibaya shule za sekondari za Ihungo na Nyakato mkoani Kagera. Mzazi unayesoma haya, ujenzi wa darasa ukianza kijijini kwako, omba kuona ripoti ya udongo, na uliza jina la mkaguzi atakayesimama pale siku zege linapomwagwa.