Dola 4 kwa ekari

Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilipoanzishwa mwaka 1946, upande wake wa kusini uliachwa wazi, nyumbu na pundamilia wakitoka msimu wa mvua kuelekea nyanda za Kitengela. Njia hiyo ilidumu kwa sababu ardhi ilikuwa ya pamoja, mikononi mwa wafugaji wa Kimaasai. Mwaka 1988 ranchi hiyo ya pamoja ikagawanywa, kila mtu na hati yake. Viwanja vikauzwa, seng'enge zikafuata. Kuanzia 2000 wenye ardhi waliojiunga na mpango mpya wa kulinda njia hiyo walilipwa dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasizungushe ua, wasilime wala wasiuze. Malipo yalipangwa kulingana na mihula ya shule (hapo waandaaji walitumia akili), karo inapodaiwa.

Wapo wanaouliza kwa nini kodi ilinde nyasi ilhali madarasa hayana madawati. Kitengela, nyasi ndizo zilizolipa karo. Kasoro ilikuwa kwingine: fedha zilitegemea hisani ya wafadhili, na dola 4 hazimtishi dalali wa viwanja. Mfugaji aliyeuza simlaumu. Alitakiwa kutunza mali ya taifa zima kwa ujira usio na uhakika, nayo bajeti ya taifa ikiwa mbali.