Dola ya Uingereza: Ilivyosambaratika, ilichokiacha na ilichokificha

Na Mwandishi Wetu

MARA baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, bendera ya Uingereza ilikuwa ikipepea juu ya takriban robo ya nchi kavu yote ya dunia, na watu zaidi ya milioni 400 walikuwa chini ya mfalme mmoja aliyekaa London. Julai 1, 1997, Uingereza ilipoikabidhi Hong Kong kwa China, dola hiyo ilikuwa imekwisha kwa kila hali. Kilichobaki ni maeneo machache, mengi yao visiwa vidogo.

Swali la kwa nini dola hiyo ilianguka limejadiliwa kwa miongo mingi, na majibu yake yanafahamika. Lililo gumu ni swali la pili: iliacha nini? Mabishano juu ya urithi huo yamekuwa makali zaidi tangu mwaka 2011, ilipobainika kuwa sehemu ya ushahidi ilichomwa moto na sehemu nyingine ilifichwa kwa karibu nusu karne.

Mshindi aliyefilisika

Uingereza ilishinda Vita Kuu ya Pili mwaka 1945, lakini ilitoka vitani ikiwa na madeni makubwa. Desemba mwaka huo ililazimika kukopa Marekani dola bilioni 3.75, mkopo ambao malipo yake ya mwisho yalifanyika Desemba 2006. Serikali iliyoishi kwa mkopo haikuwa na uwezo wa kuendelea kuyashikilia makoloni yaliyokuwa yakidai kujitawala.

India ndiyo iliyofungua mlango, Agosti 1947. Sir Cyril Radcliffe, mwanasheria ambaye hakuwahi kufika huko kabla ya hapo, alipewa takriban wiki tano kuchora mpaka kati ya India na Pakistan. Mamilioni ya Wahindu, Waislamu na Masingasinga waliyahama makazi yao, na makadirio ya waliouawa yanatofautiana, kuanzia watu laki mbili hadi zaidi ya milioni moja.

Barani Afrika, London ilijaribu kwanza kuyatumia makoloni kujikwamua kiuchumi. Mfano ulio wazi ni mradi wa karanga wa Tanganyika, ulioanza mwaka 1947 katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa lengo la kuipatia Uingereza mafuta ya kula. Ardhi ilikuwa ngumu, mvua haba na mitambo haikufaa. Mradi huo ulifutwa mwaka 1951, ukiwa umeteketeza takriban pauni milioni 36.

Pigo la heshima lilikuja mwaka 1956. Rais Gamal Abdel Nasser wa Misri alipoutaifisha Mfereji wa Suez, Uingereza, Ufaransa na Israel ziliivamia nchi hiyo. Marekani ilikataa kuziunga mkono, thamani ya pauni ikatikisika, na majeshi yakaondoka bila kutimiza lengo. Waziri Mkuu Anthony Eden alijiuzulu Januari 1957. Miezi miwili baadaye, Machi 6, Ghana ikawa huru.

Kuanzia hapo kasi iliongezeka. Tanganyika ilipata uhuru Desemba 9, 1961, Uganda Oktoba 9, 1962, Zanzibar Desemba 10, 1963 na Kenya siku mbili baadaye. Malawi na Zambia zilifuata mwaka 1964. Rhodesia ilichelewa hadi Aprili 18, 1980, kwa sababu walowezi walijitangazia uhuru wao mwaka 1965, na vita vikafuata kabla ya Zimbabwe kuzaliwa.

Njia mbili za uhuru

Afrika Mashariki inaonyesha vizuri kwa nini urithi wa dola hiyo hauwezi kuelezwa kwa neno moja. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini chini ya Umoja wa Mataifa, na Mwalimu Julius Nyerere aliweza kufika New York mwaka 1955 kuieleza hoja ya TANU mbele ya Baraza la Udhamini. Uhuru wake ulipatikana kwa hoja na kwa kura.

Kenya ilikuwa koloni la walowezi waliomiliki ardhi yenye rutuba ya nyanda za juu. Oktoba 20, 1952, Gavana Evelyn Baring alitangaza hali ya hatari dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau, iliyodumu hadi Januari 1960. Katika kipindi hicho walowezi 32 waliuawa, na Waafrika wasiopungua 1,800 waliuawa na wapiganaji hao. Kwa upande mwingine, serikali iliwanyonga watu zaidi ya 1,000, akiwamo Dedan Kimathi, Februari 18, 1957. Takwimu za serikali yenyewe zilitaja wapiganaji zaidi ya 11,000 waliouawa. Makumi ya maelfu ya watu walifungwa katika kambi za kizuizini bila kufikishwa mahakamani.

Machi 3, 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa na walinzi katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kuwa walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo ulipofichuka, Bunge la Uingereza lilichafuka, na imani kwamba Kenya ingeweza kutawaliwa kwa nguvu ikazidi kufifia.

Nyaraka motoni

Mei 1961, Waziri wa Makoloni, Iain Macleod, alitoa maelekezo kuhusu nyaraka ambazo serikali mpya hazikupaswa kurithi. Zilitajwa zile zinazoweza kuiaibisha Serikali ya Malkia, kuwaaibisha polisi, wanajeshi na watumishi wake, au kufichua majina ya watoa habari. Kazi hiyo ilikuja kujulikana kwa jina la Operesheni Urithi.

Utaratibu wake ulikuwa wa kina. Karatasi zilizochomwa zilitakiwa zigeuke majivu, na majivu yenyewe yavurugwe. Zilizotupwa baharini zilitakiwa ziwekwe katika masanduku yenye uzito na kuzamishwa kwenye kina kirefu mbali na pwani. Nchini Kenya, walioruhusiwa kuzishika ni maofisa raia wa Uingereza wenye asili ya Ulaya pekee. Mwafrika ambaye kesho yake angekabidhiwa ofisi hakutakiwa hata kujua kwamba majalada hayo yamewahi kuwapo.

Ambazo hazikuchomwa zilisafirishwa Uingereza. Kenya iliziomba tangu miaka ya 1960, bila mafanikio.

Kesi ya wazee watano

Ukweli ulitoka kupitia mahakama. Mwaka 2009, Wakenya watano wazee waliifungulia Serikali ya Uingereza kesi mjini London, wakidai kuwa waliteswa kambini. Kabla ya hapo ilikuwa vigumu hata kwa wapiganaji wa zamani kujipanga, kwa kuwa marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru kwa miaka 40, hadi ilipoondolewa mwaka 2003.

Serikali ya Uingereza ilijitetea kuwa dhima ya makosa hayo ilihamia kwa Serikali ya Kenya siku ya uhuru. Hata hivyo, wanahistoria waliotoa ushahidi kwa upande wa wadai, akiwamo David Anderson, walionyesha kuwa kuna majalada yaliyokuwa yakikosekana. Mwaka 2011 serikali ilikiri kuwa nayo katika jengo lake la Hanslope Park: takriban majalada 1,500 ya Kenya, na jumla ya takriban 8,800 kutoka makoloni 37. Idadi hiyo ilikuja kuongezeka baadaye.

Majalada hayo yalionyesha kuwa wakubwa mjini Nairobi na London walikuwa na taarifa za mateso wakati yakitendeka. Juni 6, 2013, Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliliambia Bunge kuwa serikali inasikitika kwa dhati, na akatangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa wadai 5,228. Hakukubali dhima ya kisheria. Kesi nyingine ya Wakenya zaidi ya 40,000 ilitupwa mwaka 2018, sababu mojawapo ikiwa ni muda mrefu uliopita.

Mizani isiyotulia

Wanaoitetea dola hiyo hutaja reli, hospitali, shule, mahakama na lugha ya Kiingereza. Hutaja pia Jumuiya ya Madola yenye wanachama 56, zikiwamo nchi kama Rwanda ambazo Uingereza haikuwahi kuzitawala.

Wakosoaji huuliza gharama yake ililipwa na nani. Reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iligharimu maisha ya vibarua Wahindi wapatao 2,500, na ndiyo iliyowafungulia walowezi njia ya kwenda nyanda za juu. Ardhi hiyo haikurudishwa bure baada ya uhuru. Sehemu kubwa ilinunuliwa kwa mikopo iliyotoka Uingereza kwenyewe, na wengi waliopigana msituni kwa ajili yake hawakuipata.

Mambo mengine hayajawa historia bado. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Chagos na Mauritius kabla ya uhuru wa nchi hiyo, kisha ikawaondoa wakazi wake wote ili Marekani ijenge kambi ya kijeshi Diego Garcia. Februari 2019 Mahakama ya Kimataifa ilitoa maoni kuwa utengano huo ulikuwa kinyume cha sheria. Mei 22, 2025, Uingereza ilisaini mkataba wa kuikabidhi Mauritius visiwa hivyo huku kambi ikikodishwa kwa miaka 99. Wachagos wengi walilalamika kuwa hawakushirikishwa.

Mfalme Charles wa Tatu alipozuru Nairobi Oktoba 31, 2023, alisema hakuna kisingizio kwa ukatili uliotendwa dhidi ya Wakenya, na akaeleza majuto yake. Hakuomba radhi rasmi. Wapo wanaosema maneno hayo yanatosha, na wapo wanaosema msamaha hauwezi kukamilika pale ambapo orodha ya makosa ilichomwa na mkosaji mwenyewe.

Majalada yaliyonusurika moto, yakiwamo ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Zanzibar, yalifunguliwa kwa wasomaji kati ya 2012 na 2013. Hayakurudishwa yalikotoka. Yamehifadhiwa katika Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, magharibi mwa London.