Mtumba wa Rangi na Vifungo

Shuleni kwetu Sanaa ilikuwa kwenye ratiba tu. Kipindi kikifika, tunafanya hesabu. Sababu ilikuwa ile ile: vifaa hakuna. Ndiyo maana nikisoma habari za SCRAP, duka la San Francisco linalopokea rangi, vitambaa na vifungo vya msaada na kuviuza kwa bei ya mtumba, huwa naona wivu.

Lilianza 1976, ila mimi hadithi naianzia 1942. Mwaka huo Marekani iliwafungia kambini raia wake wenye asili ya Kijapani. Ruth Asawa, msichana wa miaka 16, alilala na mama na ndugu zake kwenye zizi la farasi, uwanja wa mbio wa Santa Anita. Humo humo, wachoraji wa Disney waliofungiwa nao wakamfundisha kuchora.

Mwaka 1968, sasa anasuka sanamu za waya na analea watoto sita, alianzisha na wenzake warsha ya sanaa katika shule ya Alvarado, mji huo huo ambao baadaye ulipata SCRAP. Vifaa? Pakiti tupu za maziwa, trei za mayai, na unga uliokandwa kwa chumvi na maji.

Unga, jamani! Na shule yetu ilikuwa na jikoni, tena kubwa.